Kitanda Kisichopoa

Mliponiacha juma lililopita nilikuwa nimesimama juu ya ndoo.

Ndoo ya kufulia, imepinduliwa katikati ya ua, na mimi juu yake na goti langu bovu, nimejishika kiuno, naapa mbele ya wapangaji wenzangu kwamba mkuu mpya wa serikali akipita mtaani kwetu hatapata kofi hata moja.

"La shavuni au la kushangilia?" akauliza Fundi Viatu, mwenyekiti wetu wa wapangaji.

"La kushangilia," nikamjibu. "Kwa la shavuni ana walinzi."

Kwa wewe uliyefungia viazi gazeti la juma lililopita kabla hujalisoma, mambo yalikuwa hivi. Huyo mkuu mpya sisi tunamwita Subirini, maana ndilo jibu lake. Nyumba? Subirini. Kazi? Subirini. Siku aliyoapishwa, wenye nyumba walipandisha kodi kabla hajashusha mkono wa kiapo. Tulipolia, akatujibu redioni kwamba tusubiri, mambo yatajipanga yenyewe. Na vijana wanaoihama nchi? Hao hakuwaambia wasubiri. Alisema waende tu, ungo ukipepetwa makapi hupeperuka, punje hubaki.

Makapi, wanangu. Mjukuu wangu Chachu, niliyemlea kwa mikono hii tangu hajaota jino, leo ni kapi.

Ndiyo maana nikapanda ndoo.

Sasa tuendelee, maana kuteremka kwenye ile ndoo ndiko kulikoniponza.

Baada ya kiapo, Fundi Viatu akasema kunyamaza peke yake hakutoshi. Mtu akinyamaziwa anaweza kudhani anaheshimiwa. Mama Pasi, jirani yangu anayeishi kwa kupiga pasi nguo za watu, akasema basi tumpe migongo.

"Migongo tumpe tumesimama?" akauliza Fundi Viatu.

"Tumpe tumelala," nikasema mimi. Sijui lilitoka wapi, lilitoka tu. "Tutoe vitanda vyetu nje, tuvipange kando ya barabara, tulale tumegeukia ukutani. Aone tunavyolala. Na aone tunavyomwona."

Ua mzima ulicheka hadi mtoto wa chini ya ngazi akaamka. Naam, chini ya ngazi yetu wanaishi watu. Nyumba yetu zamani ilikuwa na vyumba vinne. Mwenye nyumba akaja na mbao nyembamba na misumari, na sasa hata yeye mwenyewe hajui ina vingapi. Wale wa chini ya ngazi wakisimama wote wawili, mmoja lazima ainame. Jikoni kuna fundi saa na dada yake. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, unaambiwa afya chumba cha mwisho.

Na vitanda ni vya zamu. Mimi na Chachu tuna chumba kimoja na kitanda kimoja, na hatujawahi kugombania shuka. Usiku nalala mimi. Yeye yuko bekari, anaoka mikate mpaka kunakucha. Jua likichomoza anarudi ana unga kwenye kope, mimi natoka, yeye anaingia palepale penye joto langu. Anajifunika gubigubi kwa sababu ya mwanga, na kwa kuwa hatuna kabati, nguo zetu zote nazilundika juu yake. Analala kama gunia. Ukimpigia ngoma sikioni anageuka upande wa pili akupe na sikio lingine.

Chachu alikuwa asafiri Ijumaa. Huko ng'ambo wanataka waoka mikate. Alikuwa ameniambia neno moja tu, na aliniambia huku ameshika mikono yangu yote miwili.

"Bibi, karatasi zangu ziko mezani kwa watu. Mpaka nipande ndege, jina langu lisisikike na sura yangu isionekane popote. Mambo yako ya ndoo usinitie."

"Sikutii, mume wangu," nikamwambia.

Namwita mume wangu, naye ananiita mke wangu mkubwa. Mke mdogo, anasema, atakuja wakati wake.

Sitawadanganya, sikutaka aende. Fundi Viatu ana wana, wote wako nje. Binti wa Mama Pasi anaosha vyombo kwenye hoteli moja ya huko, akipiga simu mama yake anakimbilia uani kwenye mtandao mzuri na pasi mkononi. Siku hizi kuna kitendawili ambacho mtaani kwetu hakihitaji kufikiriwa: nimemzaa, nimemlea, sasa namwona kwenye kidirisha cha kiganjani. Hata mtoto wa chini ya ngazi anakijua. Sikutaka Chachu awe jibu la kitendawili changu mwenyewe.

Basi siku ya msafara ikafika.

Asubuhi ile niliamka nimechangamka kama bi harusi. Chachu akarudi kazini, akala kipande cha mkate, akajitupa kitandani. Nikamlundikia nguo. Nikatoka. Na nilipotoka, wanangu, akili yangu yote ilitoka na mimi, ikaenda kusimama barabarani.

Vitanda vikaanza kutoka. Vya chuma, vya mbao, vya kamba, kimoja kimeegemezwa matofali upande mmoja kama mzee mwenye mkongojo. Mimi ndiye kiranja. Napanga: wewe sogea, wewe geuza mchago, wewe mto wako una tundu, lifiche. Hapana, usilifiche, liache alione.

"Bibi, chako je?" Fundi Viatu akaniuliza.

"Kimo ndani. Chukueni."

Wakaingia fundi saa wa jikoni, dada yake na Fundi Viatu mwenyewe. Nikawasikia wanaguna mlangoni.

"Bibi, kitanda chako kizito. Umeweka nini?"

"Ni mbao za zamani hizo," nikasema bila kugeuka. "Siyo hizi zenu za kubandika. Bebeni."

Wakabeba. Wakakiweka mwanzoni kabisa mwa mstari, mahali pa heshima. Mama Pasi akaongeza na rundo la mashati ya wateja wake juu, yasipate vumbi.

Nilisahau. Nawaapia nilisahau. Chachu aliniuliza baadaye kama nilisahau kweli, nikamwambia nilisahau, akaniangalia kwa muda, na mimi nikaangalia pengine. Haya, tuendelee.

Pikipiki za mbele zikatokea. Ving'ora vikalia. Mtaa mzima ukajitupa vitandani, ukageukia ukutani. Mimi nikabaki nimesimama mwanzoni mwa mstari, nimekunja mikono, nimempa mgongo wangu nikiwa wima, kwa sababu nikilala goti halikubali kuamka.

Kimya. Mmesikia kimya cha mtaa uliojaa watu? Mtu mmoja tumbo lilinguruma, na tukamjua ni nani.

Magari yakapunguza mwendo, yakasimama. Milango ikafunguka. Nikasikia viatu vya ngozi juu ya changarawe, na nyuma yake viatu vingi vinavyokimbia.

"Habari za asubuhi," sauti ikasema. Ile ile ya redioni.

Migongo haikujibu.

"Nasema habari za asubuhi, wananchi."

Kitanda kimoja kikalia nyii. Basi.

"Wamelala?" Subirini akauliza.

"Wamegoma, mheshimiwa," ikajibu sauti nyembamba. Huyo ni kijana wa itifaki, mwenye tai iliyokaza hadi macho yamemtoka. "Tuendelee na safari?"

"Hapana. Wapiga picha wako wapi? Subirini kidogo, niketi nao."

Wallahi mtu huyu alikuwa mwerevu. Tulidhani tutamuaibisha kwa vitanda, yeye akaviona ni viti. Akatafuta kilicho karibu zaidi, chenye nguo laini zilizorundikwa vizuri.

Mimi nilikuwa nimempa mgongo, kwa hiyo yaliyotokea niliyasikia kabla ya kuyaona. Kwanza nilisikia kitanda kinapokea mtu. Kisha nikasikia kitanda kinasema:

"Bosi, bado haijaumuka."

Nikageuka.

Mashati yaliruka. Subirini aliruka. Walinzi waliruka, wawili wakamrukia yeye, mmoja akarukia kitanda, na mwingine, sijui kwa nini, akamrukia kijana wa itifaki. Na katikati ya lile lundo akachomoza Chachu wangu, kifua wazi, nywele zina unga, gauni langu la zambarau limemning'inia begani, anapepesa macho kwenye jua na kwenye kamera zote za nchi.

"Mwachieni mume wangu," nikapiga ukelele.

Mlinzi akamtazama Chachu, akanitazama mimi, akamwachia. Nadhani alimwonea huruma.

Migongo yote ilikuwa imegeuka sasa. Watu wamekaa vitandani wanashikilia mbavu. Hata Subirini, alipotolewa chini ya walinzi na kupanguswa vumbi, alikuwa anacheka. Alicheka vizuri, kicheko cha mtu wa kawaida, na hapo ndipo nilipaswa kuogopa.

"Bibi," akasema, "nimekuja kuongoza nchi, sikuja kukalia watu. Huyu anafanya nini chini ya nguo saa hizi?"

"Amelala. Ni zamu yake."

"Zamu ya nini?"

Nikamtazama. Kweli hakujua. Mtu mzima, kichwa kizima kizuri kama kile, hakujua.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," wakajibu watu wote kutoka vitandani. Hawakukusudia. Ni kinywa tu, neno hilo ukilitupa linarudishwa. Na Subirini naye nilimsikia kabisa, alisema tega. Ni mtoto wa mtu, alilelewa na mtu.

"Nina mtumishi wangu. Usiku kabeba, mchana kabeba, mgongo wake haujapoa, wala hajapiga hatua hata moja."

Akafikiri. Kamera zikamkaribia.

"Gari."

"Gari linakwenda, mheshimiwa."

"Daraja."

"Daraja kuna saa halina mtu."

Akatabasamu, akajigusa kifua. "Basi ni mimi. Usiku kazi, mchana kazi, nimewabeba ninyi."

"Na hujapiga hatua," akasema Mama Pasi kutoka kitandani kwake. "Hapo umepatia."

Mtaa ulivunjika mbavu. Fundi Viatu alianguka kutoka kitandani, nasema alianguka, tukamwokota. Kijana wa itifaki alikuwa anatafuta mahali pa kuuweka uso wake.

"Nimeshindwa," Subirini akasema.

"Nipe mji."

"Nakupa mji mkuu."

"Huo nimeukalia miaka yote," nikasema, "na sijapata pa kugeuzia ubavu. Mji siutaki. Nipe nyumba."

Hapo watu wakasogea ukingoni mwa vitanda vyao.

"Jibu kwanza," akasema.

"Kitanda. Hicho ulichokikalia. Nikitoka mimi anaingia yeye. Huyu unayemwita kapi ndiye anayeoka mkate unaokula, na hana pa kulala mpaka bibi yake aamke."

Subirini akakitazama kitanda. Akamtazama Chachu, ambaye alikuwa amejifunga shuka na kujificha nyuma yangu kama alipokuwa mdogo. Kisha akageuka kwa kijana wa itifaki.

"Zile nyumba mpya za ghorofa. Iko iliyobaki?"

"Mheshimiwa, zote zilishapewa..."

"Nimeuliza, iko iliyobaki?"

"Iko," kijana akasema.

"Bibi, umenishinda. Nakupa nyumba. Vyumba viwili, na kila chumba kina mlango wake."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapotubu.

Kofi la kwanza lilipigwa na Fundi Viatu. La pili na wa chini ya ngazi, wote wawili, wamesimama wima kwa mara ya kwanza. Kisha barabara nzima, juu ya vitanda, wanaruka, springi zinalia, makofi yanamiminika kama mvua juu ya bati. Na mimi, niliyeapa juu ya ndoo, nikasikia viganja vyangu vinawaka. Nikavitazama. Vilikuwa vinapiga makofi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaupiga wa kulia kabla haijaniuliza.

Subirini akaniinamia. "Makofi nimeyapata, bibi," akasema taratibu. "Asante."

Mtu mwerevu, niliwaambia.

Mama Pasi akawa wa kwanza kuacha. Alishuka, akaanza kuokota mashati ya wateja moja moja mchangani.

"Hongera, jirani," akasema. "Kitendawili tumejibu wote tega. Nyumba imekuwa ya mmoja."

"Nitasema na yeye, na ninyi..."

"Utasema naye ukiwa dirishani ghorofani. Sisi tutakupungia mkono."

Aligeuka, akalala tena, akanipa mgongo. Wanangu, mgongo ule niliubuni mwenyewe. Sikujua unauma hivyo ukiupokea.

Sikupata nafasi ya kumjibu, maana kijana wa itifaki alikuwa amenishika kiwiko.

"Bibi, kuna jambo dogo. Nyumba hizi ni za familia ambazo vijana wao wanabaki nchini. Huyu mjukuu wako, tumesikia hapa ana safari."

"Ijumaa."

"Basi mheshimiwa angependa atangaze sasa hivi kwamba kijana ameahirisha. Ameguswa, amebaki. Itakuwa picha nzuri sana. Ukikubali wewe, mlezi, inatosha."

"Na asipobaki?"

"Nyumba nayo haibaki."

Chachu alikuwa kando yangu, amesikia kila neno.

"Bibi," akasema polepole, "ulinitoa nje makusudi?"

"Nilisahau, baba."

"Sura yangu sasa iko kila mahali."

"Nilisahau."

Akaniangalia kwa muda. Nimeshawaambia niliangalia wapi.

Mwandishi wa habari akaniletea kinasa sauti hadi karibu nikimeze. Subirini akaushika mkono wangu, akauinua juu kama wanavyoinua mkono wa bondia. Kamera zikageuka.

"Bibi," mwandishi akauliza, "ni kweli mjukuu wako haendi tena?"

Ningeweza kusema muulizeni mwenyewe, ana mdomo. Ningeweza kusema nipeni muda, mimi ni mzee. Lakini niliona chumba. Nilikiona kabisa: kitanda cha kwake, pembeni pake kiti cha kuwekea nguo, na mlango, na yeye nyuma ya mlango akikoroma mchana kutwa, na mimi chumba cha pili nikimsikia. Nikamwona jioni anatoka kwenda kazini na asubuhi anarudi. Kila asubuhi anarudi.

"Kweli," nikasema. "Haendi."

Makofi yakaanza upya. Machache kuliko ya kwanza, lakini yalitosha kwa redio.

Nikangoja Chachu aniteme. Hakunitema. Alinizungushia mkono begani, akazitabasamia kamera kwa meno yote, na bila kuondoa tabasamu akaniinamia sikioni.

"Mke wangu mkubwa," akasema, "umeniharibia safari ya watu wawili."

"Wawili?"

"Nilikuwa naondoka na mke wako mdogo. Kila alfajiri napeleka mikate nyumba moja kubwa, na kuna mtu huja kuipokea mlangoni mwenyewe, hamtumi mpishi. Tiketi yake na yangu ni za ndege moja."

"Nyumba ya nani?"

Chachu aliendelea kutabasamu, lakini macho yake yalikuwa yanatazama juu ya bega la Subirini, kule nyuma ya msafara, kwenye gari jeusi ambalo kioo chake kilikuwa kimeshushwa nusu.

"Chachu. Nyumba ya nani?"

"Bibi, usigeuke. Amesikia ulichosema. Kila mtu amesikia."

Nikageuka.

Mlango wa lile gari ulikuwa unafunguka. Ukatoka kwanza mguu wenye kiatu cha bluu, ukakanyaga changarawe, kisha akatoka msichana mzima, ana begi la mgongoni, analia na kucheka kwa pamoja, na macho yake hayakumtafuta mtu mwingine yeyote isipokuwa mwoka mikate wangu aliyevaa shuka.

Subirini alikuwa bado ameuinua mkono wangu. Akauachia. Makofi yote ya mtaani hakuyasikia tena, na aliposema, hakusema kwa ile sauti ya redioni. Alisema kwa sauti ya baba yeyote.

"Mama, rudi garini."

Hakurudi.